Uzoefu wangu: RAV4 ya familia kwenye makorongo ya Chemba, kwa milioni mbili na ushee

Kama una gari la familia linalokwama kila mvua zikianza, na mfukoni kuna milioni mbili tu, nunua matairi. Kunyanyua gari, ngao ya chini, taa za juu na keria vingoje foleni. Nasema hivi baada ya kuihudumia RAV4 yetu kidogo kidogo, kadiri mshahara ulivyoruhusu, na sasa najua kipi kimelipa na kipi kimebaki urembo.

Gari ni RAV4 ya 2003, milango mitano, injini ya D4 ya lita 2.0, otomatiki. Asubuhi linapeleka watoto shule, halafu linanipeleka kazini Mtumba. Jumamosi linakwenda shamba. Tuna alizeti huko ndani ya Chemba. Mpaka kufika njia panda yetu hakuna la kusimulia, maana lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018, na wanaokumbuka vumbi la zamani wanajua tumetoka wapi. Ukishaiacha lami ndipo kazi inapoanza: korongo la kichanga, halafu mbuga ya udongo mweusi, halafu mawe hadi shambani. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na ule ushauri wa "weka spesa (vipande vya kunyanyulia gari), utapita" haumalizi hata moja.

Asiyeijua Dodoma atashangaa mtu wa nchi kavu analalamikia tope. Mvua yetu kwa mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Lakini inakuja kwa mkupuo. Korongo ulilolivuka asubuhi likiwa kavu, mchana ni mto. Kesho yake maji yamekwisha na yameacha kichanga kipya kilaini ambacho hakuna gari lililokikanyaga. Na mbuga ndiyo usiseme. Kiangazi inapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika inavimba na kunata, tairi likizunguka mara chache kashata zote (vile vinundu vya tairi) zimejaa na umebaki unateleza kama uko juu ya sabuni.

Nilishauriwa niuze nichukue Escudo. Si ushauri mbaya. Escudo ina 4L, ile gia ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu, na RAV4 hii haina. Hakuna fundi atakayekuwekea kwa bei ya mtu wa mshahara. Lakini kuuza gari unalolijua magonjwa yake ili ukanunue la mtu aliyelichoka, hiyo ni bahati nasibu, na mimi sichezi.

Basi matairi. Yaliyokuwepo ni 215/70R16 ya lami, yameshaanza kuwa vipara. Nilichukua ya Kichina aina ya A/T, yaani ya njia zote, saizi 225/70R16, matano pamoja na la akiba. Muuzaji alianzia laki tatu na arobaini kila moja. Kwa kuwa nachukua matano tukaishia laki tatu na kumi. Jumla 1,550,000, yaani karibu robo tatu ya pesa yote niliyotumia kwenye gari hili.

Pale dukani fundi wa kufunga alinionea huruma. "Dada, chukua mawili tu ufunge nyuma. Mbele acha haya, bado yanatembea." Nikamwambia hapana, na sababu yake wengi hawaijui, kwa hiyo niiseme taratibu. RAV4 ya umri huu inavuta miguu yote minne muda wote, si mpaka ubonyeze kitufe. Katikati kuna difu inayogawa nguvu ya mbele na ya nyuma, na ndani yake kuna kifaa chenye majimaji mazito ya silikoni ambacho hukamata pale upande mmoja unapozunguka haraka kuliko mwingine. Ukifunga matairi makubwa nyuma na madogo mbele, kile kifaa kinaona upande mmoja unazunguka haraka hata ukiwa kwenye lami safi unakwenda Kondoa. Kinafanya kazi kutwa, kinachemka, kinakufa. Hapo ulichookoa kwenye matairi mawili unakilipa kwenye difu, na zaidi. Ndiyo maana hata la akiba nililinunua la saizi ileile.

Usidanganyike kuhusu urefu. Kutoka 215/70 kwenda 225/70, kipenyo cha tairi kinatoka milimita 707 kwenda 721. Gari linanyanyuka nusu ya tofauti hiyo, milimita 7. Si kitu. Faida iko kwenye kashata zilizoachana na mbavu ngumu zaidi, kwamba ukipita juu ya jiwe lenye ncha unapunguza wasiwasi wa kuchanika pembeni. Spidi mita nayo inadanganya kidogo: ikisoma 100, wewe uko 102. Kumbuka hilo ukikaribia tochi za askari. Ukubwa zaidi ya huo sikutaka, kwa sababu ukikata usukani mpaka mwisho tairi huenda likasugua kitu fulani huko ndani.

Kasoro zipo. Kwenye lami yanavuma, na mume wangu analalamika haisikii redio. Mafuta yameongezeka kiasi, si cha kutisha. Kinachonikera hasa ni lami iliyolowa: mvua za kwanza, pale kwenye vipilefti vya mjini, unahisi kabisa gari linataka kuhama. Napunguza mwendo mapema. Kama gari lako halitoki mjini, haya matairi si yako.

Kitu cha pili kwa kunilipa kiligharimu elfu sabini: pampu ndogo ya upepo pamoja na geji. Bila hiyo, A/T peke yake isingenivusha kwenye kichanga. Mara ya kwanza niliyoitumia, tulikuta Noah imezama mpaka kwenye bampa, vijana wanasukuma na dereva anakanyaga mafuta, na kila akikanyaga inachimba zaidi. Tukasimama juu ya ukingo. Nikashika kijiti nikabonyeza valvu za matairi yote manne, kutoka psi 30 mpaka 18. Ukiangalia tairi lililoshushwa namna hiyo unaona kitambi chake kimetoka na sehemu inayogusa ardhi imekuwa ndefu. Uzito wa gari umetandazwa, kwa hiyo haliichimbi njia. Nikaingia kwa gia ya 2, mwendo ule ule, bila breki, bila kukata usukani kwa ghafla, maana tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu ukilinyonga. Tukatokea ng'ambo. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, hiyo ni RAV4 au trekta?" Kisha tukarudi kwa miguu kusukuma Noah.

Ukishavuka lazima ujaze, usikimbie na 18 kwenye njia ngumu. Pampu ndogo inajaza polepole na inachemka, baada ya matairi mawili iache ipumue chini ya mgunga wakati watoto wanakula mahindi. Kama unanunua leo, chukua ya kubana kwenye betri moja kwa moja. Ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiwashia sigara inategemea fyuzi ndogo, na ikiungua mko wote porini.

Mbugani hali ni nyingine na sitamdanganya mtu. A/T hazisafishi tope lile. Tunachofanya ni kusubiri. Jua la Dodoma likipiga saa chache juu ya mbuga panatengenezeka ngozi ya kupitika, basi unapita mchana uliokauka badala ya asubuhi. Ikishindikana, kuna ng'ombe wa plau na kuna trekta, na mwenye trekta anajua kupanga bei kwa kuangalia nguo zako. Kwa hiyo nina mkanda wa kuvutia wa elfu sitini, ule mpana wa kufumwa, na pingu zake. Ufungwe kwenye jicho la kuvutia lililotoka kiwandani. Nimeona watu wanafunga kwenye mkono wa mguu wa mbele, gari linakwamuka na mguu unabaki umepinda.

Ngao ya chini ilitengenezwa na mchomeleaji wa Kizota kwa laki na themanini. Bamba la chuma la milimita 3, sentimita 90 kwa 60, uzito kama kilo 13. Nilimwambia mapema lifungwe kwa boliti kwenye matundu yaliyopo, lisichomelewe kwenye bodi. Boliti alifunga vizuri, tena zilizozama ili zisigonge mawe. Ila alipolileta nikainama kuangalia, sikuona tundu.

"Fundi, oili nitaimwagia wapi?"

"Utafungua bamba, dada. Boliti nane tu."

"Kila sevisi?"

Akacheka, akalitoa tena, akakata tundu chini ya nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mipasuo mitano ya kupitisha hewa. Dodoma kuna joto na D4 haipendi kufunikwa. Mwanzoni lilikuwa linapiga kelele kila kwenye rasta, mpaka tulipokata vipande vya tyubu ya baiskeli tukavibana katikati ya bamba na fremu. Kelele ikaisha siku hiyo.

Lilijilipa tulipowapeleka watoto Kolo, kuona ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Unapita kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, unapewa mwongozaji anayepanda nawe garini, halafu njia ya kwenda kwenye michoro ya Mungomi ni mawe na mteremko. Kulikuwa na jiwe moja lililojificha kwenye majani. Tulisikia kishindo chini ya miguu yetu na mwongozaji akashika dashibodi. Nyumbani nikachungulia: bonyeo la ukubwa wa kiganja, sawia kabisa na sampu. Sampu yenyewe nzima.

Sasa spesa, ambazo ndizo kila mtu huniuliza kwanza. Gereji ya kwanza walitaka kuniwekea inchi 3. Walipoona nakataa wakaja na vipande vya mpira vya kusokomeza katikati ya springi. Hiyo inaua springi, inafanya gari liwe gumu, na barabara ya mawe utaisikia mgongoni. Nilichotaka ni inchi moja tu, basi. Nikachongesha kwa mkerezaji pete nne za aluminiamu, elfu thelathini kila moja, na boliti ndefu zaidi. Ukizidisha hapo, draivu shafti zinafanya kazi kwa kona ambayo hazikutengenezewa, mipira yake inachanika, grisi inamwagika, mchanga unaingia, na baada ya hapo ni ile sauti ya ka-ka-ka ukikata kona.

Kufunga nililipa elfu themanini kwenye gereji nyingine, na huduma yao siisifii. Walinikabidhi gari linavuta kushoto, bila alaimenti, na stabilaiza linki moja haijakazwa. Nilisikia inagonga kabla sijafika Area C. Kuwapigia simu ikawa "leta kesho", kesho yenyewe fundi hayupo. Fundi wa miguu wa jirani yangu akaikaza bila kunidai, na alaimenti nikafanya kwingine kwa elfu arobaini. Ukipeleka gari kunyanyuliwa, kubaliana kabisa kabla kwamba alaimenti imo kwenye bei.

Matokeo? Tumbo limepanda sentimita mbili na nusu, na kwa kuwa difu ya RAV4 imening'inizwa kwenye bodi, nayo imepanda. Yale matuta ya katikati ya njia yaliyochongwa na matrekta hatuyasugui tena. Lakini kwenye kona gari linalala zaidi, na mama mkwe sasa anahitaji kigoda kupanda. Nikipewa pesa ileile ya spesa, 240,000, ningeanza kwa kupima springi: za miaka ishirini zimeshalala, na jozi mpya huenda ikarudisha sehemu ya urefu huo bila kuchonga chochote.

Snokeli ya faiba, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, niliikataa. Isipozibwa vizuri mpaka kwenye boksi la filta ni pambo tu, na injini ikimeza maji, pistoni haiwezi kuyabana kama hewa. Kinachopinda ni koni rodi, ule mkono unaoshika pistoni. Korongo likijaa tunageuza au tunasubiri. Keria la juu tuliazima, likabeba magunia mawili, gari likawa kichwa kizito kwenye mteremko, tukalirudisha.

Jumla imefika 2,100,000. Waambie watu wa bima kubwa kama umebadilisha chochote, usingoje waulize. Kinachofuata ni shokapu za nyuma, maana zimeanza kulia. Hapa Dodoma nimetajiwa bei ya kunikatisha tamaa, kwa hiyo nitaagiza za Gerezani, Dar, zije na basi, nikishauza alizeti.