Misa ya Wafu ya Verdi: Rekodi ya Kununua Kwanza na Zinazofuata

Mtu akitaka kununua Misa ya Wafu ya Giuseppe Verdi, jambo la kwanza analofanya ni kufungua Dies irae, ile sehemu ya siku ya ghadhabu, aone kama spika zitatikisika. Nami nilianza hivyo hivyo. Lakini okestra nzima na kwaya kubwa wakitoa nguvu zao zote kwa pamoja, karibu kila rekodi itakushtua. Rekodi nzuri ya kazi hii utaijua kwenye mnong'ono.

Sikiliza dakika mbili za mwanzo. Sello zinashuka taratibu, sauti imezibwa, kisha kwaya inaingia na neno moja tu: Requiem. Kwenye nota Verdi ameagiza sauti iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Aliyewahi kusimama kwenye kwaya anajua ugumu wa jambo hilo. Kuimba kwa nguvu hata aliyejiunga juzi anaweza. Kuimba kwa sauti ndogo, toni isishuke, pumzi zisisikike, herufi zitamkwe na watu mia kama mtu mmoja, hapo ndipo mwalimu huumwa kichwa. Na maneno yenyewe wengi wetu tunayajua kwa moyo, maana ndiyo tunayoyasema makaburini: Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Kwaya ikiyapita maneno hayo kama ngazi ya kufikia kelele za mbele, mimi rekodi hiyo siinunui, hata tenor wake, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume, awe nani.

Kwa asiyeifahamu: Verdi aliitunga kumkumbuka mwandishi Alessandro Manzoni, aliyemheshimu kuliko karibu mtu yeyote, na ambaye alifariki Milano Mei 1873. Iliimbwa mara ya kwanza katika kanisa la San Marco, Milano, tarehe 22 Mei 1874, mwaka mmoja kamili baada ya kifo hicho, Verdi mwenyewe akiongoza. Siku tatu baadaye ikahamia jumba la opera la La Scala. Sehemu ya mwisho, Libera me, ilikuwa na umri zaidi ya nyingine. Verdi alikuwa ameitunga kwa ajili ya misa ya kumkumbuka mtunzi Rossini, iliyogawanywa kwa watunzi kadhaa, ila misa hiyo haikuimbwa wakati huo.

Kanisani kwanza, kisha jumba la opera: ugomvi wa kazi hii umekaa hapo tangu mwanzo. Kiongozi wa okestra Mjerumani, Hans von Bülow, aliidharau kwamba ni opera iliyovishwa mavazi ya kanisa. Mtunzi Brahms akampinga, akasema kazi kama hiyo hutoka kwa mtu mwenye kipaji cha pekee, na miaka mingi baadaye Bülow mwenyewe alimwandikia Verdi kumwomba radhi. Nawaambia haya kwa sababu rekodi nazo zimegawanyika hivyo hivyo. Zipo zinazoimba opera, zipo zinazosali. Ninazoziweka juu zinafanya yote mawili.

Kabla hujalipa, sikiliza sehemu tatu. Mnong'ono wa mwanzo nimeshausema. Ya pili ni ngoma kubwa katika Dies irae. Verdi alitaka ngozi yake ikazwe sana ili pigo liwe kavu na kali. Kwenye rekodi dhaifu ngoma hiyo ni kama mlango unaofungwa nyumba ya jirani, na kwenye rekodi nzuri unaisikia kifuani. Ya tatu iko katikati ya Libera me, pale okestra inaponyamaza kabisa na soprano, mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, anaimba peke yake juu ya kwaya, akirudia ile Raha ya milele. Mwishoni anapanda hadi noti ya juu sana, na juu ya noti hiyo Verdi ameandika herufi p nne, yaani ndogo kuliko ndogo. Soprano wengi hodari hushindwa hapo. Wanaipata noti, lakini wanaipiga kelele. Katika orodha ifuatayo jina la kwanza ni la kiongozi, kisha okestra.

1. Carlo Maria Giulini, Philharmonia, London, 1963 na 1964

Hii ndiyo ya kununua kama utanunua moja tu. Kwaya ya Philharmonia ilikuwa imefundishwa na Wilhelm Pitz, yule aliyekuwa pia akiiandaa kwaya ya tamasha la Wagner kule Bayreuth, na kazi yake unaisikia tangu neno la kwanza. Neno Requiem linaingia kana kwamba watu walikuwa wanalisema tayari kabla hatujafika, na sisi tumefungua mlango tukawakuta. Giulini alikuwa mtu wa imani, na hilo linasikika bila yeye kulilazimisha. Hakimbii, lakini pia hakai mahali akijisikiliza. Dies irae ikilipuka, inakuja kama tukio lililowapata watu waliokuwa wanasali.

Waimbaji wa solo ni Elisabeth Schwarzkopf, Christa Ludwig, Nicolai Gedda na Nicolai Ghiaurov. Mimi ni mtu wa besi, sauti nzito ya kiume, kwa hiyo nianze na Ghiaurov. Kuna mahali baada ya tarumbeta za hukumu ambapo besi anaimba kwamba mauti yenyewe itashangaa, na neno Mors analirudia mara tatu, kimya kikiingia katikati. Wengi huliimba kwa ukali. Ghiaurov anaanza na sauti nzima na kila mara anapolirudia linapungua uhai, hadi la mwisho ni kama mtu aliyeona kitu na hataki kukitazama tena. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika rekodi hii.

Schwarzkopf wapo wasiompenda hapa. Wanasema anayapima maneno mno na sauti yake si ya Kiitaliano. Zamani nilikubaliana nao. Siku hizi namsikia tofauti: katika Libera me ni mwanamke mwenye hofu ya kweli, anayejaribu kuyashika maneno ya sala yasimponyoke. Kasoro kubwa ni ya mitambo. Kwenye vilele vya Dies irae sauti inakwaruza kidogo, na matoleo yaliyosafishwa baadaye hayajaliondoa lote. Likikukera jambo hilo, nenda namba mbili.

2. Antonio Pappano, Santa Cecilia, Roma, 2009

Kama unataka sauti safi ya kisasa, nunua hii. Kwaya na okestra ni za Accademia Nazionale di Santa Cecilia, na faida ya kwanza ni kwamba waimbaji hawa Kilatini chao ni cha Kiitaliano, irabu zimefunguka, maneno hayameng'enyuki mdomoni. Ngoma kubwa iko pale pale ilipotakiwa. Tarumbeta za Tuba mirum, zile za hukumu, ambazo Verdi aliagiza nyingine zipigwe kutoka mbali na okestra, hapa umbali wake unausikia hasa: zinaitana, zinajibizana, kisha zinakuzingira.

Anja Harteros ndiye soprano ninayempendekeza kwa mtu anayesikiliza kazi hii mara ya kwanza, kwa sababu ile noti ya p nne anaifikia kwa utulivu. René Pape ni besi mwenye heshima. Tenor, Rolando Villazón, ana moto mwingi kuliko ninavyopenda katika sala ya Ingemisco. Sonia Ganassi, kwenye sauti ya kati, sina la kumlaumu.

3. Fritz Reiner, Wiener Philharmoniker, 1960

Watu wawili wanatosha kukufanya uinunue. Wa kwanza ni Leontyne Price, soprano Mmarekani mweusi kutoka Mississippi, akiwa katika ubora wa sauti yake. Wa pili ni Jussi Björling wa Sweden. Ilirekodiwa Vienna mwezi Juni 1960, na Septemba mwaka huo huo Björling akafariki akiwa na miaka 49. Sipendi kusikiliza muziki kwa kutafuta dalili za kifo, na kwa kweli hapa dalili hazipo. Katika Ingemisco anaimba bila kujikamua popote, sauti inapanda kama inashuka. Mkosaji anaomba kuwekwa pamoja na kondoo na atengwe na mbuzi, na ukimsikia unaamini atakubaliwa.

Kwa nini basi iwe ya tatu? Reiner anaanza polepole sana. Kuna jioni ambazo mwendo ule unanifaa na kuna jioni ambazo unanichosha. Kwaya nayo imekaa mbali kidogo na vipaza sauti, na mimi maneno ya kwaya ndiyo ninayoyatafuta.

4. Georg Solti, Wiener Philharmoniker, 1967

Hii ni ya wapenda sauti kubwa. Joan Sutherland, Marilyn Horne, Luciano Pavarotti na Martti Talvela, wote kwenye rekodi moja. Pavarotti alikuwa na miaka 32, bado hajawa yule tuliyemjua baadaye kwenye viwanja vya mpira. Horne ni wa kutisha kwa uzuri. Sutherland ana sauti ya dhahabu, ila ukitaka kufuata maneno yake shika karatasi. Ngoma na tarumbeta ni kali kuliko rekodi zote nilizozitaja. Mnong'ono wa mwanzo ni mzuri, ila unahisi Solti anausubiri uishe.

5. Arturo Toscanini, NBC, New York, 1951

Usianze na hii, lakini usife bila kuisikia. Ni mono, yaani sauti ya njia moja, imerekodiwa katika onyesho la Carnegie Hall, na ina ukavu wa rekodi za zamani. Toscanini alikuwa na miaka 83. Huyu ni mtu aliyekaa kwenye okestra ya La Scala mwaka 1887 akipiga sello siku Otello ya Verdi ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Anavyoipeleka Misa hii ni kama anatimiza agizo alilopewa uso kwa uso. Inaenda mbio, haina mahali pa kupumzika, na Dies irae yake ni hofu tupu. Kwaya ni ya Robert Shaw, na nidhamu yake inasikika hata kupitia ukavu ule.

Nje ya orodha niweke mbili. Ukiwa mwalimu wa kwaya, tafuta ya John Eliot Gardiner ya mwaka 1992. Monteverdi Choir ni ndogo kuliko kwaya nyingine hizi, vyombo ni vya mtindo wa zama za Verdi, na Sanctus, ambayo imeandikwa kwa kwaya mbili zinazokimbizana, unaweza kuifuata kila sauti kwa nota mkononi. Nota zenyewe zinapatikana bure mtandaoni kwa kuwa haki zake zimekwisha muda. Nyingine ni filamu ya Herbert von Karajan iliyopigwa La Scala mwaka 1967, akiwemo Price, Fiorenza Cossotto, Pavarotti asiye na ndevu, na Ghiaurov tena. Mtazame Price kwenye Libera me, namna uso wake unavyobadilika kwaya inapomjibu. Ile ya Karajan ya Berlin ya mwaka 1972 naipita. Okestra ni ya ajabu, lakini kwaya inasikika kama imefunikwa blanketi.

Sasa mambo ya sokoni. Kampuni zimebadilisha mikono, kwa hiyo usichanganyikiwe na nembo. Rekodi za zamani za EMI, yaani Giulini na Pappano, sasa zinatoka kwa jina la Warner Classics. Reiner na Solti ziko Decca, na Gardiner, iliyokuwa ya Philips, nayo imehamia Decca. Toscanini iko kwa RCA, chini ya Sony. Ukitafuta kwenye programu za kusikilizia muziki usiandike "Verdi Requiem" peke yake, utaletewa rundo. Ongeza jina la kiongozi na la mwimbaji mmoja: "Giulini Schwarzkopf" itakufikisha moja kwa moja.

Misa nzima inakaribia saa moja na nusu, kwa hiyo mara nyingi huja kwenye CD mbili. Ukinunua iliyotumika, muulize muuzaji kama zote mbili zimo ndani, na uangalie mwaka na majina ya waimbaji, kwa kuwa Karajan, Muti na Abbado wote waliirekodi zaidi ya mara moja. Ukinunua mafaili, chukua FLAC ikiwezekana, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, na hakikisha programu unayotumia haiweki kimya kati ya wimbo na wimbo. Sehemu za Dies irae zimeunganishwa bila pumziko. Nakala yangu ya kwanza, niliyouziwa na mtu wa mtandaoni, ilikuwa ikikatika kila tarumbeta zinapokaribia kufika kileleni, na kwa mwaka mzima niliamini ndivyo Verdi alivyoandika.

Usiijaribu rekodi yoyote ya hizi ndani ya daladala. Utaongeza sauti ili usikie mnong'ono, kisha Dies irae ikuumize masikio. Subiri usiku, vaa hedifoni, zima feni. Feni ya kawaida inatosha kuzifunika zile sello za mwanzo zote.