Kujiunga na Parokia ya Kiepiskopali huko Ohio: Tathmini ya Mwanglikana Kutoka Muheza

Nimesali katika parokia hii kwa zaidi ya miaka miwili sasa, na kwa kuwa Waanglikana wenzangu wanaohamia Marekani kutoka Tanzania na Kenya huniuliza mara kwa mara kama Kanisa la Kiepiskopali ndilo kanisa letu, nimeona niandike kwa kirefu jinsi parokia moja ya mji mmoja katika jimbo la Ohio inavyompokea mgeni. Jina lake silitaji, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na waumini wake ni watu ninaowapenda.

Ndiyo, ni kanisa letu. Lilitengana na Kanisa la Uingereza kiutawala baada ya vita vya uhuru wa Marekani, na askofu wake wa kwanza, Samuel Seabury, alikwenda kuwekewa mikono na maaskofu wa Scotland mjini Aberdeen mwaka 1784, kwa kuwa maaskofu wa England walibanwa na sheria iliyodai kiapo cha utii kwa mfalme. Hadi leo ni sehemu ya Ushirika wa Kianglikana, yaani muungano wa makanisa ya Kianglikana duniani. Hata hivyo, neno Anglikana mara nyingi halimo kwenye kibao cha nje, na mimi nilipita mbele ya lango hilo kwa basi miezi minne mizima, nikienda kazini, bila kujua kwamba ndani yake mna ibada niliyolelewa nayo.

Kuhusu ibada yenyewe sina la kulalamikia. Mimi ni mtoto wa Muheza, eneo lililohubiriwa Injili na wamisionari wa UMCA, chama cha misheni cha Kianglikana kutoka Uingereza, ambako kasisi huitwa padri, na kengele na uvumba ni mambo ya kawaida. Jumapili ya kwanza nilifika kwenye ibada ya saa nne na nusu, yenye kwaya na kinanda. Ile ya saa mbili husomwa tu, bila nyimbo. Kwenye benchi nilikuta Kitabu cha Sala cha mwaka 1979 chenye jalada jekundu na kitabu cha nyimbo cha mwaka 1982 chenye jalada la buluu, nikawa sijui nishike kipi kwanza. Kasisi aliposema Bwana awe nanyi, nilijibu kwa Kiswahili kabla sijafikiri. Mzee aliyekaa mbele yangu aligeuka, akatabasamu, akanifungulia ukurasa wa 355 na kuniwekea kidole mahali tulipofika. Kuanzia hapo mpangilio wote niliujua: masomo, Imani, maombi, toba, amani, na Meza ya Bwana. Kilichonishangaza ni ufupi wake, kwani baada ya saa moja na robo watu walikuwa wamekwisha kutoka.

Mezani huitwa kila aliyebatizwa, wa dhehebu lolote, na hakuna anayekudai cheti. Asiyetaka kupokea hupiga magoti pamoja na wengine, hupishanisha mikono kifuani, na kasisi humbariki. Divai ni divai ya kweli na kikombe ni kimoja, lakini anayepokea mkate peke yake hahesabiwi kuwa amepungukiwa na kitu. Kwa mtu aliyekuwa na miezi minne bila sakramenti, kupokelewa hivyo siku ya kwanza, bila kuhojiwa, ni jambo nitakalolishukuru siku zote.

Tatizo lilianza baada ya baraka. Kwetu mgeni husimamishwa, hutaja jina lake na alikotoka, na kabla hajafika nyumbani mzee wa kanisa ameshajua anakaa mtaa gani. Hapa mgeni hujaza kadi iliyowekwa kwenye benchi, huitumbukiza katika sahani ya sadaka, kisha huelekezwa ukumbini kwenye kahawa. Watu watatu walinisalimu kwa uchangamfu wa kweli, wakaniuliza Tanzania iko upande gani wa Afrika, halafu kila mmoja akarudi kwa wenzake, nikabaki na kikombe mkononi karibu na meza ya biskuti. Kadi yangu haikujibiwa kwa wiki sita. Barua ya uhamisho niliyotumiwa na padri wangu wa nyumbani, yenye muhuri wa parokia, ilikaa ofisini muda mrefu zaidi ya huo, kwa kuwa mhudumu wa ofisi hakujua aiingize wapi. Nilihuzunika, na niliwahi kufikiri kuacha.

Baadaye nilielewa kwamba si dharau. Watu wa hapa huogopa kumsumbua mgeni. Humwachia nafasi wakiamini kwamba akitaka jambo atasema. Naheshimu nia hiyo, lakini naona ni kosa la kiuchungaji, kwa sababu aliyetoka mbali ndiye asiyejua aseme nini na amwambie nani. Kwa hiyo nilikwenda kwa kasisi kiongozi mwenyewe, siku ya kazi, nikamweleza. Aliomba radhi, akaitafuta barua ile mbele yangu, na jina langu likaingia katika daftari la parokia siku hiyo hiyo. Kwa kuwa nilikwisha kupata kipaimara kwa mkono wa askofu, sikutakiwa kurudia. Anayetoka Kanisa Katoliki kwa kawaida hupokelewa na askofu anapokuja kuzuru parokia, na ambaye hajawahi kuwekewa mikono huandaliwa kwa kipaimara.

Kilichonifanya nijione mwenyeji ni Jumamosi za kuandaa altare. Mama mmoja wa miaka themanini na ushei, aliyekataa kabisa nimwite mama mpaka nilipomweleza maana yake kwetu, alinifundisha kupiga pasi kitambaa cha kufutia kikombe kikiwa bado na unyevu, kisha kukikunja mara tatu huku na mara tatu kule, ili msalaba uliodariziwa ukae katikati ya miraba tisa. Alinionyesha na beseni la sakristia, chumba cha kutunzia vyombo vya ibada, ambalo bomba lake haliungani na maji machafu ya mji, bali hushuka moja kwa moja ardhini, ili kilichobaki cha Ekaristi kisichanganyike na uchafu. Tulifanya kazi bila maneno mengi. Katika wiki hizo niliulizwa habari za watoto wangu kuliko katika miezi yote ya kahawa ukumbini.

Upande wa fedha mambo ni wazi. Majira ya kupukutika kwa majani hugawiwa kadi za ahadi, kila nyumba huandika itatoa kiasi gani mwaka unaofuata, na Januari unapewa hesabu ya ulichotoa. Hakuna anayesomwa jina mbele ya watu. Mkutano mkuu wa mwaka huchagua baraza la parokia, na baraza hilo ndilo linalomwita kasisi kiongozi kwa kushauriana na askofu. Kwetu askofu ndiye humpangia padri kituo. Kwa kanuni za Kanisa hili, mshiriki ni aliyepokea Ushirika Mtakatifu angalau mara tatu katika mwaka uliotangulia, na akifikisha miaka 16 huhesabiwa mtu mzima.

Lipo jambo ambalo mtu wa kwetu anapaswa kulijua kabla ya kuingia. Wanawake wanapewa upadri katika Kanisa hili tangu uamuzi wa mwaka 1976, na kasisi wetu kiongozi ni mwanamke. Mwaka 2003 aliwekwa wakfu askofu aliyekuwa akiishi waziwazi na mwanamume mwenzake, na mwaka 2015 kanuni za ndoa zilibadilishwa ili watu wa jinsia moja waweze kufungishwa ndoa. Makanisa mengi ya Kianglikana ya Afrika, Kanisa Anglikana Tanzania likiwamo, yalipinga vikali, na uhusiano ukaharibika. Katika parokia hii hakuna aliyewahi kuniuliza msimamo wangu wala kunibagua kwa kuwa nimetoka Tanzania, lakini anayeona kwamba hawezi kupokea Ekaristi mahali penye mafundisho hayo afahamu hivyo mapema, asijeruhi wala asijeruhiwe.

Anayetafuta ibada ya Kiswahili, ngoma na mikesha hatavipata hapa. Anayetaka liturujia iliyotunzwa vizuri, mahubiri mafupi yaliyoandaliwa, na watu wanaokutegemea ukishaingia zamu, nampendekezea bila kusita. Aombe barua ya uhamisho kabla ya kusafiri na aikabidhi kwa kasisi mkononi, asiiache ofisini. Mimi sasa husimama mlangoni Jumapili ya pili ya kila mwezi, na kadi ya mgeni ikijazwa, simu naipiga mwenyewe Jumatatu jioni.