NVDA: kisoma skrini kwa mwalimu anayehamia kwenye tovuti

Mwalimu wa Mbeya au Iringa anayeacha chaki ili atengeneze tovuti zinazotumika pia na wasioona, aanze na NVDA, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Ni ya bure, ni ya Windows, na ikishapakuliwa haili bando. Weka kipanya kando. Bonyeza H kuruka kwenye vichwa vya habari, K kwenye viungo. Insert na F7 kwa pamoja huleta orodha ya viungo na vichwa hivyo. Kiungo cha picha isiyo na maelezo mara nyingi husomwa kwa jina la faili, vurugu tupu! Ukisahau lang="sw", alama inayotaja kuwa lugha ni Kiswahili, kwenye msimbo wa ukurasa, Kiswahili husomwa kwa sauti iliyowekwa, mara nyingi ya Kiingereza, na msikilizaji haambulii kitu. Ukiiweka, eSpeak, mojawapo ya sauti za kompyuta zinazotumiwa na NVDA, hubadilika yenyewe, ingawa sauti yake ni kavu mno.