Sony GDM-FW900: monita ya chogo ya inchi 24, na fokasi (ukali wa picha) ndiyo bei yake

Monita hii ikiwa nzima, herufi ndogo zilizoko pembeni kabisa mwa kioo zinasomeka sawasawa na zile za katikati. Kwa chogo la kioo bapa chenye umbo la 16:10 hilo si jambo dogo, na ndilo linalofanya watu waendelee kuisaka ingawa Sony ilishaachana na Trinitron, tyubu zake za picha, mwaka 2008. Ikiwa mbovu, ni kilo 42 za kubeba watu wawili bure.

Tuanze na kinachofanya kazi vizuri. Mwale wa elektroni unatoka kwenye kathodi iliyopashwa moto shingoni mwa tyubu, ukivutwa na anodi yenye zaidi ya kilovolti 25. Njiani unapita ndani ya silinda za chuma zenye volti tofauti, na tofauti hiyo ndiyo lenzi. Ukibadili volti ya fokasi, ambayo ni kilovolti kadhaa, umebadili nguvu ya lenzi. Kazi ngumu iko kwenye pembe. Safari ya mwale hadi pembeni ni ndefu kuliko hadi katikati, hivyo lenzi iliyopangwa kwa ajili ya katikati inaubana mwale mapema mno: unapogonga fosfori (unga wa ndani ya kioo unaong'aa) ya pembeni umeshaanza kutawanyika. FW900 huipandisha volti ya fokasi mwale ukielekea ukingoni na kuishusha ukirudi katikati, kila mstari wa picha. Isitoshe, koili za shingoni zinapoupinda mwale zinalifanya doa lake liwe kama yai badala ya duara. Ndiyo maana flaibeki (transfoma ya volti kubwa) ya monita hii ina voliumu mbili za fokasi, yaani vitufe vya kuzungusha kwa bisibisi, si moja kama ya TV nyingi za sebuleni.

Kuhusu resolusheni, usidanganywe na namba kubwa. Inakubali 2304 × 1440 kwa Hz 80, lakini nafasi kati ya mistari ya fosfori ni milimita 0.23 katikati na 0.27 pembeni, na upana unaoonekana ni takriban milimita 482. Gawanya mwenyewe: unapata mistari kama 1,900 ya rangi tatu tatu. Pikseli 2304 hazina mahali pa kukaa, hata fokasi iwe safi namna gani. Iweke 1920 × 1200 kwa Hz 85 uiache hapo. Vile vivuli viwili vyembamba vilivyolala kukatiza kioo ni nyaya za kuzuia nyuzi za wima za Trinitron, zilizo nyuma ya kioo, zisitikisike. Si ubovu, na haviondoki.

Kabla ya kulaumu fokasi, hakikisha ugonjwa ni wa fokasi. Weka gridi ya kijani tupu juu ya weusi. Kijani kikiwa kikali lakini gridi nyeupe ikawa na ukingo mwekundu au wa buluu, miale mitatu haikutani mahali pamoja. Hiyo ni shida nyingine, na ukigusa fokasi utaharibu tu kilichokuwa sawa. Mistari ya mlalo ikiwa mikali na ya wima pekee ikawa na ukungu, kagua waya na adapta kwanza. Signali ya analogi ikidhoofika hupaka picha kuelekea upande, wala haiwezi kuipaka juu na chini. 1920 × 1200 kwa Hz 85 inahitaji kasi ya takriban pikseli milioni 281 kwa sekunde, ukihesabu na muda wa mwale kurudi mwanzo wa mstari, na adapta nyingi za bei rahisi za HDMI kwenda VGA hazifiki huko. Punguza pia kontrasti: mwale wenye mkondo mkubwa hutanuka wenyewe, kwa kuwa elektroni zinasukumana.

Ikibaki kuwa ni fokasi kweli, iache monita iwake saa nzima, futa usumaku kwa menyu, kisha tumia bisibisi ya plastiki tupu. Mkono mmoja kwenye bisibisi, mwingine mbali na monita. Zungusha voliumu moja kidogo mno huku ukitazama mistari ya wima, kisha ya pili ukitazama ya mlalo, halafu rudia zote mbili, maana kila moja inavuruga mwenzake. Jicho lako lisikae katikati tu. Tazama theluthi ya njia kutoka ukingoni, ulegeze katikati kidogo ikibidi. Anayetaka kufungua zaidi ya hapo ajue kwamba tyubu huhifadhi chaji hata baada ya kuchomoa umeme.

Udhaifu wake mkubwa ni uzee. Fokasi ikihama yenyewe kadiri monita inavyopata joto, voliumu za ndani ya flaibeki zinavuja, na flaibeki mpya ya modeli hii haipatikani dukani. Kwa monita iliyokaa pwani kwenye unyevu, soketi ya shingoni nayo ni mshukiwa: pengo la cheche la pini ya fokasi likishika kutu, volti inavujia hapo, picha inaanza na ukungu na kusafika baadaye. Soketi hubadilishwa kwa chuma cha kuyeyushia risasi na subira. Ugonjwa mwingine wa kawaida ni volti ya gridi ya pili (G2, kipande cha chuma cha shingoni kinachodhibiti mwale) kupanda: weusi unageuka kijivu, picha inalegea, wakati mwingine mistari mishazari inajitokeza. Hapo usiguse fokasi. Hiyo hurekebishwa kwa WinDAS, programu ya kompyuta ya kupangia monita za Sony, kupitia waya maalumu wa data (serial wa TTL).

Kioo kina ngozi ya kuzuia mng'ao. Kitambaa kilicholoweshwa maji kinatosha, spirti na dawa za vioo zinaweza kuiharibu. Umeme si tatizo, inakubali volti 100 hadi 240.

Ukienda kuitazama kwa muuzaji, mwambie asiiwashe mpaka ufike. Ikitoa picha nzuri ikiwa bado baridi, na baada ya dakika 40 bado herufi za pembeni hazijaota manyoya, toa hela. Akikupokea ikiwa tayari ina joto, mwombe aizime, mnywe chai, ndipo muiwashe upya.