Robespierre wa Carnavalet: picha ya asili na nakala niliyochapisha

Picha niliyoifuata katika Makumbusho ya Carnavalet, eneo la Marais jijini Paris, ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Ina takriban sentimita 60 kwa 49, imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya turubai, na jina la mchoraji wake halijulikani. Inaonyesha kichwa na kifua cha mwanamume aliyekwisha kupita umri wa miaka thelathini, nywele zimepakwa poda nyeupe, koti ni la mistari, na shingoni amefunga kitambaa cheupe kwa uangalifu wa mtu asiyetoka nyumbani kabla ya kujitazama kwenye kioo. Huyo ni Maximilien Robespierre, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, wakili wa Arras katika mkoa wa Artois, kaskazini mwa Ufaransa, na makumbusho yanakadiria kuwa alichorwa mnamo mwaka 1790.

Thamani yote ya picha hii, kwa maoni yangu, imo katika mwaka huo. Robespierre alizaliwa mwaka 1758, akasomeshwa kwa ufadhili katika chuo cha Louis-le-Grand mjini Paris, kisha mwaka 1781 akarudi kwao kufanya kazi ya uwakili. Kesi iliyompatia jina, mwaka 1783, ilimhusu mkazi wa Saint-Omer aliyesimika kinga ya radi juu ya paa lake. Majirani waliogopa kwamba chuma kile kingewaletea moto, wakuu wa mji wakaamuru king'olewe, na Robespierre akamtetea mwenye nyumba mpaka akashinda. Miaka sita baadaye alipelekwa Versailles kuwa mjumbe wa tabaka la tatu, yaani la raia wasio makasisi wala makabaila. Kwa hiyo aliyeketi mbele ya mchoraji alikuwa mbunge mgeni kutoka mkoani, yuleyule ambaye mwezi Mei 1791 angesimama bungeni kudai adhabu ya kifo ifutwe. Kamati ya Usalama wa Umma aliyoingia Julai 1793, iliyoitawala Ufaransa wakati wa mauaji mengi ya Mapinduzi, na gilotini, mashine ya kukata vichwa, iliyomuua tarehe 28 Julai 1794 akiwa na miaka 36, zilikuwa bado mbali, na mchoraji hakuwa na namna ya kuzijua.

Ndiyo maana nilikaa muda mrefu nikitazama mdomo. Midomo imefumbwa, lakini pembeni kuna tabasamu dogo sana, ambalo ukipita haraka hulioni. Mimi ni wakili, na tabasamu hilo nalifahamu: ni la mtu aliyelisoma jalada lake usiku kucha, sasa anasubiri kwa adabu upande wa pili umalize kuzungumza. Hakuna ukatili wala utakatifu ndani yake. Sijaona picha nyingine ya kiongozi wa Mapinduzi yale inayomwacha mtu abaki mtu kiasi hiki.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu yake ya pekee ya kusimama hapo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, na mashamba ya kisiwa cha Île de France, ambacho leo ni Mauritius, yalilimwa pia na watu waliotolewa kwetu. Mwezi Mei 1791 mtu huyu wa koti la mistari alipinga bungeni neno "watumwa" kuandikwa katika sheria za nchi yake. Utumwa ulifutwa kwa amri ya bunge tarehe 4 Februari 1794, ingawa walowezi wa Île de France walikataa kuitekeleza.

Sasa niseme kuhusu nakala. Tangu Januari 2020 makumbusho ya Jiji la Paris yameruhusu picha zaidi ya 100,000 za kazi zisizo na hakimiliki zipakuliwe bure, na hii ikiwemo. Faili ni safi. Hata ukiikuza, mistari ya koti inabaki imenyooka. Niliipeleka kwenye duka moja la uchapaji, na nakala ya kwanza ilinisikitisha. Fundi, bila kuniuliza, aliongeza giza ili picha "ipendeze", vivuli vya chini ya macho vikawa vyeusi, pembe za mdomo zikazama, na tabasamu likapotea kabisa. Nilipewa mtu wa kutisha, kama adui zake walivyomchora baada ya kufa. Niliomba ichapishwe upya bila kurekebishwa rangi hata kidogo, juu ya turubai isiyong'aa, nikalipa mara ya pili, na safari hiyo uso ulirudi. Atakayechapisha aandike sharti hilo kwenye oda yake mapema.

Anayeweza kufika Paris aione ya asili. Kuingia kwenye vyumba vya mkusanyiko wa kudumu ni bure, na makumbusho hufungwa siku ya Jumatatu. Makumbusho hayohayo yana picha ya Danton, kiongozi mwingine wa Mapinduzi, naye wakili aliyetoka mkoani, mzaliwa wa Arcis-sur-Aube, inayohusishwa na mchoraji Constance Charpentier. Ukizitazama zote mbili siku moja utaelewa kwa nini hawa wawili hawakuweza kuvumiliana. Nakala yangu ya pili nimeitundika ofisini, kwa ukubwa uleule wa asili, mkabala na kiti cha mteja.