Kila siku, chupa! Uzoefu wangu na ile logo ya Klasky Csupo

Jamani, wale tuliokulia Mombasa na deki sebuleni, mwaikumbuka ile sura ya wino inayotokea katuni ya Rugrats ikiisha, logo ya kampuni iliyoitengeneza? Ile yenye macho ya kukatwa na mdomo wa kukatwa, inayosema jina la kampuni kwa sauti ya mashini halafu basi. Leo nataka kuiongelea manake nimeiangalia wiki nzima hii na binti yangu wa miaka 6.

Kwetu Majengo hatukuwa na dishi. Mjomba alikuwa baharia, akirudi safari huja na zawadi zake, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alituletea kanda moja ya video imejaa Rugrats mwanzo hadi mwisho. Deki ilikuwa nyumbani kwa shangazi, kwa hivyo Ijumaa watu wakishatoka msikitini na wali ushaliwa sisi watoto twajazana pale kwenye mkeka, feni inazunguka, mlango wazi, hata wa nyumba ya pili wanaingia. Katuni tunacheka vizuri tu, lakini majina yakianza kupita mwishoni pale kila mtu ashajua kinachokuja, wadogo wanakimbilia nyuma ya kochi, mie naziba masikio ila macho siyafungi.

Yenyewe ni sekunde chache tu. Nyuma zambarau inayotibuka-tibuka kama tivi iliyokosa antena, mara wino mweusi unarushwa, paa, doa. Unapita mkono, na ukishapita macho mawili na mdomo yako pale juu ya doa, ni macho ya mtu kabisa, kama yamekatwa gazetini, wala hayalingani vizuri. Lile doa limekuwa mtu. Basi linafungua mdomo, linasema, vidude vyenye herufi vinaruka kutoka mdomoni vinajipanga kuwa jina, sura inaondoka, jina linabaki peke yake na vile vilio vyake vya ajabu.

Na mwajua sisi tulikuwa twasikia nini? "Kila siku, chupa!" Wallahi hivyo hivyo. Klasky Csupo, kila siku chupa. Na kwa vile katuni yenyewe ni ya watoto wachanga wa nepi na chupa tuliona inaingia kabisa, kwamba yule jitu wa wino anaamrisha watoto wanywe maziwa kila siku. Binamu yangu alikuwa anakataa uji, shangazi akimwambia tu "kila siku, chupa!" kwa sauti ile ya puani, kikombe kinaisha.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba ni majina ya watu wawili, Arlene Klasky na Gábor Csupó, mke na mume wakati huo, walioanzisha kampuni yao ya katuni kule Hollywood mwaka 1982. Csupó kwao ni Budapest, Hungaria, na kwa lugha yao ile cs inasomwa ch kama yetu ya chai, kwa hivyo masikio yetu hayakuwa mbali vile, chupo na chupa ni herufi moja tu. Ndio hao hao waliochora katuni ya The Simpsons za mwanzo pia. Rugrats ilianza 1991, lakini sura ya wino waliileta 1998, kwa hivyo ukitafuta vipindi vya zamani kabisa usishangae mwisho wake ukiwa mwengine.

Sasa kwa nini naisifu ilhali ilinitia hofu miaka? Kwa sababu logo nyingi za vipindi vya watoto ni jina la rangi rangi na kengele, likipita limepita, mtoto hata hageuzi shingo. Hii imetengenezwa na takataka, wino uliomwagika na vipande vya magazeti, vitu ambavyo hata nyumba isiyo na kitu haivikosi, na mtoto akiiona anajua naye aweza kutengeneza. Halafu haikumbembeleza mtoto. Ilimtisha kidogo, ikaondoka, naye akabaki mzima kwa mkeka na wenziwe. Mie naona hiyo ni heshima kwa mtoto.

Binti yangu mara ya kwanza aliruka mapajani mwangu. Mara ya pili akashika kanga yangu tu. Ya tatu akasema, mama, rudisha.

Na hapo kwa kurudisha ndipo nina malalamiko, na wa kulaumiwa si waliotengeneza, ni wanaotuonyesha. Hizi app za kuangalia katuni kwa simu, kipindi kikikaribia kuisha tu kinafinywa pembeni, hesabu inaanza tano nne tatu, na kipindi kingine kishaanza kabla wino haujarushwa, lazima uwe na kidole tayari. Na kijana mmoja anayetujazia katuni kwa flashi huku mtaani aliniambia yeye mwisho wote anaukata ili nafasi itoshe. Nikamwambia yule kijana, usikate mwanangu, ule mwisho ni sehemu ya katuni, kuna watu walikaa chini wakaufikiria. Alinisikiza kwa adabu, sijui kama atafanya.

Jumamosi nilikuwa jikoni natengeneza ngisi wa kupika na nazi, kifuko cha wino kikanipasukia, doa hilo kwa sinia nyeupe. Kabla sijachukua kitambaa binti yangu akanishika mkono, mama ngoja. Akaenda kuleta gazeti la babake, akakata jicho moja la mwanasiasa na jingine kwa tangazo la sabuni, mdomo akautoa sijui wapi, akapitisha mkono wake juu ya sinia polepole vile vile, akaviweka. Akakaa anaangalia. Halafu akasema kwa sauti ya mashini, "kila siku, chupa!" na mie sijawahi kumwambia sisi zamani tulikuwa twasikia vipi. Nilinyamaza, nilishindwa hata kuongea. Sinia haikuoshwa mpaka usiku, na ngisi tulikula tumechelewa.

Kwa hivyo mie natoa nyota 5 kwa logo, na 2 kwa wanaoikata.

Kanda ya mjomba ingaliko kwa shangazi kwenye kabati la vyombo, ni deki ndiyo iliyokufa, inameza kanda haitemi. Mwenye kujua fundi hapa Mombasa anayeshika deki bado, Kongowea, Mwembe Tayari, popote, tafadhali aniambie.