Tiba ya Utambuzi: Huduma Inayokupa Kazi ya Nyumbani

Anayekwenda kwenye tiba ya utambuzi, yaani tiba ya kisaikolojia inayokufundisha kuyachunguza mawazo yanayokuumiza, akitarajia kujilaza kwenye kochi na kusimulia utoto wake atashangaa, kwani kikao huanza kwa kupanga ajenda na humalizika kwa kupewa kazi ya kufanya hadi mtakapoonana tena. Niliitafuta huduma hii kwa sababu ya wasiwasi ulioninyima usingizi, na nilipenda kwamba mtaalamu alinieleza kila anachofanya na sababu yake. Kwa kawaida vikao huwa kati ya 6 na 20.

Msingi wake uliwekwa miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliyebaini kwamba wagonjwa wake wa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) walipitiwa na mawazo ya haraka ya kujilaumu, nao wakayaamini bila kuyahoji.

Thamani ya huduma iko kwenye jedwali la mawazo. Tuseme mkuu wako wa kazi hajajibu ujumbe: unaandika tukio, wazo lililokujia (“ananiandalia barua ya kunifukuza”), hisia na ukali wake kwa asilimia, kisha ushahidi unaounga mkono wazo hilo na ule unaolipinga. Safu ya kuunga mkono mara nyingi huambulia mstari mmoja, nao ukiusoma vizuri ni wazo lilelile limejirudia. Mtaalamu hodari hakuhimizi kuwaza mema tu. Hukuuliza maswali hadi ujionee mwenyewe, na ikibainika kwamba mkuu kweli amekasirika, mnageukia namna ya kulikabili tatizo. Ukali ukishuka kutoka 90 hadi 50, hayo ni mafanikio. Kwa mwenye mashambulio ya hofu, anayedhani moyo kwenda mbio ni dalili ya kifo, huweza kuombwa apumue harakaharaka palepale kikaoni, ajionee mapigo yakipanda na kutulia.

Kasoro zipo. Kujaza majedwali kunachosha, na aliyezama kwenye sonona kali huenda asiweze hata kushika kalamu. Mwenye ugonjwa kama skizofrenia, unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, huhitaji dawa, tiba hii ikiwa nyongeza. Wala haiondoi madeni au ukatili wa nyumbani, na mtaalamu anayeyageuza mateso halisi kuwa “fikra potofu” anastahili kuachwa.

Kabla ya kulipa, uliza amesomea wapi tiba hii na kama hutoa kazi za nyumbani. Asipotoa, unauziwa maongezi.